Kitendawili cha Oksijeni Tano

Wahenga wetu walisema kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Methali hii imezoeleka kuwa onyo kwa msafiri anayekwenda asikokujua, lakini inamfaa vilevile mtu aliyeshika kichupa chenye unga mweupe, asijue kama ni chumvi, ni sumu au ni dawa. Unga haujitaji jina. Haueleze ulikotoka, na ulimi hauthubutu kuuonja. Mtu huyo afanye nini ili akijue alichokishika?

Swali hili nimelichagua ilhali mimi si mkemia. Mimi ni mtu wa mashairi na tafsiri, na elimu hii nimeiokota vitabuni kidogo kidogo, bila ya skuli wala mwalimu. Nimelichagua kwa sababu jibu lake moja, lililopatikana China katika miaka ya 1970, liliingia katika nyumba za visiwa hivi na kukaa vitandani pamoja na watoto wetu wenye homa.

Sisi tuliokulia hapa katika enzi ya klorokwini tunaukumbuka uchungu wake, na mwasho uliomfanya mtu ajikune hadi alfajiri. Tuliyastahamili hayo kwa sababu dawa ile iliponya. Ikafika siku ikawa haiponyi tena, kwani vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuishinda. Mwishoni mwa mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini, ikaanza kutoa bure, katika vituo vya afya vya umma, dawa ya mseto ya artesuneti na amodiakwini. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ulionesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2005 vifo vilivyohesabiwa kuwa vya malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa 75%. Msomaji na asome tarakimu hiyo kwa utulivu: katika kila makaburi manne madogo, matatu hayakuchimbwa. Na artesuneti hiyo ni binti wa fuwele ambayo, miaka thelathini kabla yake, haikuwa na jina wala sura iliyojulikana.

Khabari yenyewe ilianzia vitani. Katika miaka ya 1960 askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakianguka misituni kwa malaria isiyosikia klorokwini, na serikali yao ikaomba msaada China. Tarehe 23 Mei 1967 ulifanyika mkutano Beijing, na kutokana na tarehe hiyo mradi wa siri ulioundwa ukaitwa 523. Wakati huo China ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, na wasomi wengi walikuwa wameondolewa katika kazi zao. Mwezi Januari 1969 mwanamke mmoja wa Chuo cha Tiba ya Jadi cha Beijing, Tu Youyou, aliyekuwa na umri wa miaka 38, alipewa uongozi wa kikundi cha kutafuta dawa katika maarifa ya kale. Hakuwa na shahada ya uzamivu, wala hakuwa amesoma ng'ambo. Mumewe alikuwa amepelekwa mashamba, naye alipotumwa kisiwani Hainan kuitazama malaria kwa macho yake, ilimbidi amwache bintiye wa miaka minne mikononi mwa walezi.

Kikundi chake kilikusanya maelezo ya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabuni na kwa waganga, kikachagua 640 na kuyachapisha katika kijitabu cha ndani. Majani, mizizi na magome yakachemshwa, na maji yake wakanyweshwa panya walioambukizwa malaria. Mimea ipatayo 200 ilitolewa dondoo zaidi ya 380, nazo zikajaribiwa. Mmoja wao, uitwao qinghao, ulionesha matumaini mara moja. Jaribio liliporudiwa, matumaini yakapotea.

Hapa mfasiri hana budi kuinua kichwa, kwa sababu tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Neno qinghao halikuwa jina la mmea mmoja. Vitabu na wauza dawa waliliweka juu ya mimea kadhaa ya ukoo mmoja, ukoo ambao pakanga yetu nayo imo ndani yake. Sisi wa pwani hatuwezi kulishangaa jambo hili, maana kwetu pia jina moja la mti huweza kuwa na miti miwili, mmoja Pemba na mwingine Lamu. Ilibainika baadaye kwamba wenye dawa ile ni mmoja tu, ambao wataalamu wa mimea wanauita Artemisia annua, na dawa imo katika majani yake, tena yanapokuwa yamevunwa kwa wakati wake. Anayenunua shina akadhani amenunua jani, au mmea wa jirani akadhani ni wenyewe, atachemsha maji matupu.

Tatizo la pili lilikuwa la kitenzi. Tu Youyou alirudi kukisoma upya kitabu cha tiba za dharura cha Ge Hong, tabibu aliyeishi katika karne ya 3 na ya 4. Maelezo ya qinghao humo ni mafupi mno. Yanataja kurowanisha majani majini na kuyakamua, kisha kunywa kilichotoka. Moto hautajwi. Waganga wengi huchemsha, na wasomaji wengi walipita pale wakiwa na sufuria yao kichwani tayari. Yeye aliuona ukimya ule. Ikiwa mzee yule hakuchemsha, huenda ni kwa sababu joto linaiua dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, chini ya joto la mwili wa mtu. Kisha akaitenga sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu, akabakisha isiyo na asidi. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya.

Mwezi Julai 1972 yeye na wenzake wawili walijinywesha dawa ile kwanza, ili wajue kama ni salama, kisha ikapelekwa kwa wagonjwa Hainan. Waliponywa. Lakini kilichowaponya kilikuwa bado ni mchanganyiko wa vitu vingi. Mwezi Novemba mwaka huohuo kikundi kilifanikiwa kukitenga kimoja peke yake: fuwele nyembamba zisizo na rangi. Sasa kitendawili kilikuwa kimetegwa kikamilifu.

Mkemia anapokabiliwa na kitu kigeni huanza na maswali madogo. La kwanza ni hili: je, ni kitu kimoja kweli? Kitu safi huyeyuka kwa pamoja, katika joto lake maalumu. Kilichochanganyika huyeyuka kwa kusitasita. Fuwele hizi ziliyeyuka kwenye nyuzi 156 hadi 157. Basi ni kitu kimoja. Swali la pili: kimeundwa kwa elementi zipi? Vipimo vilitoa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Naitrojeni haikuwamo. Hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu kwinini ina naitrojeni na klorokwini ina naitrojeni, na wengi waliotafuta dawa mpya ya malaria walikuwa wakitafuta ndugu wa hizo mbili. Huyu aliyesimama mlangoni hakuwa wa ukoo ule.

Swali la tatu lilikuwa la uzito. Kiko chombo kiitwacho spektrometa ya masi, ambacho huzipiga molekuli mpaka ziwe na chaji ya umeme, kisha huzipima uzito, nzima na vipande vyake. Uzito uliopatikana ni 282. Msomaji anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu yake: kaboni 15, kila moja kwa 12, ni 180, haidrojeni 22 ni 22, oksijeni 5, kila moja kwa 16, ni 80. Jumla yake ni 282. Hesabu hiyo inaleta nyingine. Kaboni 15 zikipangwa kwa mstari bila ya pete wala muungano wa pili, huweza kubeba haidrojeni 32. Hizi zilikuwa na 22, yaani zimepungua 10. Na kila jozi ya haidrojeni inayokosekana ni dalili ya pete moja au muungano mmoja wa ziada. Basi ndani ya molekuli hii mna mambo matano ya namna hiyo, nayo yalipaswa kutafutwa yalipo.

Ndipo miale ikaitwa kutoa ushahidi. Iko miale tusiyoiona, iliyo chini ya wekundu wa upinde wa mvua, na wataalamu huiita infraredi. Kila muungano wa atomu mbili ni mithili ya uzi wa udi: una mtikiso wake, na miale inayolingana na mtikiso huo humezwa. Ukitazama ni ipi iliyomezwa, unajua ni nyuzi zipi zilizomo. Fuwele hizi zilimeza kwa nguvu miale yenye mawimbi karibu 1,745 katika sentimita moja, nayo ni sauti ya kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa mikono miwili, ndani ya pete iitwayo laktoni. Mwezi Septemba 1973 shahidi huyo alihojiwa kwa njia ya pili. Fuwele zilitiwa sodiamu borohaidraidi, kemikali ambayo huivunja mikono miwili ikabaki mmoja, na alama ile ikatoweka katika spektra. Mashahidi wawili wasiojuana walikuwa wamesema neno moja. Na kile kilichozaliwa katika jaribio hilo, ambacho lengo lake lilikuwa kuthibitisha tu, ndicho kilichokuja kuwa mama wa artesuneti yetu.

Kisha ikaja ramani ya haidrojeni. Viini vya atomu hizo, vikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, huitikia mawimbi ya redio, na kila kimoja huitikia kwa namna ya majirani zake. Ramani ilionesha vikundi vitatu vya kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Ilionesha pia haidrojeni moja ya pekee, iliyokaa juu ya kaboni ambayo imeshikwa na oksijeni mbili. Picha ikaanza kukusanyika: kaboni 15, kama zilivyo katika vitu vingi vyenye harufu ndani ya majani ya mimea, laktoni moja, pete nyingine tatu.

Lakini oksijeni zilikataa kukaa. Laktoni ilichukua mbili. Zilibaki tatu. Hazikuwa za kileo, kwa maana alama ya oksijeni iliyoshika haidrojeni haikuwamo. Hazikuwa na mikono miwili juu ya kaboni, kwa maana muungano wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Zilikuwa wapi basi?

Dalili moja ilikuwamo katika karatasi zilezile za uzito. Pamoja na 282 kulikuwa na kipande cha 250. Tofauti yake ni 32, na 32 ni oksijeni mbili. Molekuli ilikuwa ikitupa oksijeni mbili kwa pamoja, kana kwamba zimefungwa kitanzi kimoja. Tafsiri yake ya wazi ni peroksidi, yaani oksijeni iliyoshika oksijeni mwenziwe. Wengi wetu tunaijua peroksidi ya dukani, ile inayotoa povu juu ya kidonda. Peroksidi kwa kawaida ni kitu kisichotulia. Baadhi yake hulipuka. Mtu mwenye busara hakutazamia kuikuta ndani ya jani, wala ndani ya fuwele inayostahimili nyuzi 150 za joto.

Kazi ya kuitafuta sura ilikuwa imepelekwa Shanghai, katika Taasisi ya Kemia Ogania, ambako Zhou Weishan na Wu Yulin walishirikiana na wajumbe kutoka Beijing. Mwaka 1975 ziliwafikia khabari kwamba mmea mwingine wa China, usio na udugu na qinghao, umetoa kitu kinachozuia malaria nacho kina peroksidi. Hapo wakauliza lile ambalo halikuwa likiulizwa. Jaribio lenyewe ni jepesi kiasi cha kufanyiwa katika skuli yoyote yenye chumba cha maabara: iodidi ya sodiamu na wanga. Peroksidi ikiwapo, huibadili iodidi kuwa iodini, na iodini ikikutana na wanga hutoa rangi ya buluu iliyokoza. Rangi ikatoka. Jaribio la pili, kwa kemikali nyingine inayonyang'anya oksijeni, likakubaliana na la kwanza.

Kilichobaki kilikuwa ni kuiona. Katika Taasisi ya Biofizikia ya Chuo cha Sayansi cha China, Beijing, fuwele moja ilipigwa eksirei, na kutokana na namna miale ilivyotawanyika, kila atomu ikahesabiwa mahali pake. Mwishoni mwa mwaka 1975 sura ilikuwa imejulikana: pete nne zilizoshonana, na katikati yao daraja la oksijeni mbili. Oksijeni ya tano, iliyobaki, ilikaa baina ya kaboni mbili kama kizingiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977 kwa jina la kikundi, bila ya jina la mtu hata mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile wakati ule. Sisi tuliorithi tenzi ambazo watunzi wake hatuwajui tunaelewa maana ya kazi kumzidi umri mwenye kazi.

Pana msomaji atakayeuliza: mgonjwa alikuwa amekwisha kupona mwaka 1972, basi sura ya molekuli inamfaa nini? Inamfaa sana. Wakemia walipoiondoa oksijeni moja katika lile daraja na kuiacha molekuli nyingine yote kama ilivyo, dawa ilikufa. Haikuua tena vimelea. Kumbe uponyaji wote ulikuwa pale pale palipokuwa na mashaka. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini, na chakula hicho kina madini ya chuma. Chuma hicho hulivunja daraja la oksijeni, na mabaki yake yenye hasira humgeukia mla. Kwa kujua hivyo, wataalamu waliweza kubadilisha pembe nyingine za molekuli, ili iingie vizuri zaidi katika maji au mafuta, bila ya kuligusa daraja. Ndivyo zilivyopatikana artesuneti na artemeta.

Inamfaa pia kwa sababu pale penye dawa ya thamani hapakosi mwizi. Mwaka 2001 zilichapishwa khabari za vidonge 104 vya artesuneti vilivyonunuliwa madukani Asia ya Kusini-Mashariki. 38% havikuwa na artesuneti hata chembe. Pakiti zilifanana, maandishi yalifanana, kidonge kilifanana. Jicho la mama mwenye mtoto mgonjwa lisingeweza kutenganisha. Lililoweza ni jaribio dogo la rangi, ambapo kidonge cha kweli hugeuka manjano na cha uongo hubaki kama maji. Kwetu sisi wenye kusoma mashairi, jambo hili lina maana nzito: kumbe jina lililoandikwa juu ya kitu si ushahidi wa kitu.

Wala hadithi haijesha. Vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya dawa hizi, vilivyoanza kuonekana Kambodia, vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, huko Kagera. Safari iliyoipata klorokwini inaweza kuipata na hii. Atakayeitafuta dawa ifuatayo atakuwa na vyombo bora kuliko vya mwaka 1972, lakini atapita njia ileile: atapima, atahoji, atatafuta shahidi wa pili kabla ya kumwamini wa kwanza, na atakiheshimu kile kipande cha 250 kinachoharibu maelezo yake mazuri. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua, tunasema; ila werevu wenyewe, nikiutazama katika khabari hii, ulikuwa zaidi ni subira ya kutopuuza kilichoandikwa, na kutoongeza kisichoandikwa.

Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, akiwa na umri wa miaka 84. Jina lake alilipata kwa baba yake, kutoka katika Kitabu cha Nyimbo, mkusanyo wa mashairi ya kale kabisa ya China. Youyou ni mlio wa paa wanaoitana malishoni. Katika ubeti mmoja wa shairi hilo, jani wanalolila paa hao limetajwa, nalo ni hao, jina lilelile lililomo ndani ya qinghao. Baba alimpa bintiye jina hilo mwaka 1930, akiipenda sauti ya shairi, bila ya kujua lolote juu ya fuwele wala oksijeni. Sadfa si ushahidi, na mkemia atatucheka tukiifanya kuwa ushahidi. Lakini nimeiandika hapa, kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi wanajua kuyatunza maneno hata kabla ya kujua yatakuja kufaa nini.